Mrithi wa Kiti Kisichokuwapo: Wazao wa Wafalme wa Korea na Suala la Urithi

Tarehe 16 Julai 2005, katika hoteli moja ya mtaa wa Akasaka mjini Tokyo, alifariki mzee wa miaka 73 aitwaye Yi Ku. Hoteli hiyo ilijengwa katika uwanja wa jumba walilokaa wazazi wake zamani, na jumba lenyewe lilikuwa bado limesimama pembeni mwake. Marehemu alikuwa msanifu majengo aliyesomea Marekani, na mfanyabiashara ambaye mambo yake hayakumwendea vizuri. Kama historia ingalifuata njia nyingine, angalikuwa mfalme wa Korea. Hakuacha mwana wa kiume. Hata kabla ya maziko, wazee wa ukoo walikwisha kumtangaza mrithi wake.

Mrithi wa nini? Korea ya Kusini ni jamhuri tangu mwaka 1948. Majumba ya wafalme ni mali ya taifa, na wageni huyatembelea kwa tikiti. Katiba yake hairuhusu tabaka lolote lenye upendeleo. Hata hivyo, watu watatu wa damu moja wamepewa au wamejipa, tangu mwaka ule, heshima ya kuwa kichwa cha nyumba hiyo ya kifalme, na kila mmoja ana hoja yake. Katika makala haya twataka kueleza hoja hizo zatoka wapi. Mtu akizitazama kijuujuu ataona ugomvi wa jamaa tu. Akizichimba atakuta swali ambalo wasomaji wetu wanalifahamu vema: mtu huwaje mwana wa mtu? Je, ni kwa kuzaliwa, ama ni kwa kuwekwa mahali fulani katika safu ya wazee?

Ukoo na chimbuko lake

Mwaka 1392 jemadari Yi Seong-gye alimwondoa mfalme wa mwisho wa Goryeo, akaanzisha enzi mpya iliyoitwa Joseon. Makao makuu yalihamishiwa Hanyang, mji ambao leo waitwa Seoul. Wazao wake walishika kiti hadi mwaka 1910, yaani miaka 518, na watawala 27 walifuatana. Maarufu kuliko wote ni Sejong, wa nne katika safu, ambaye mwaka 1446 alitangaza alfabeti ya Kikorea inayotumika hadi leo.

Jina Yi, ambalo wengine huliandika Lee au Rhee, peke yake halimtambulishi mtu. Wakorea huunganisha jina la ukoo na mahali pa asili, na kwa hiyo wapo Yi wa miji mbalimbali wasio na udugu hata kidogo. Nyumba ya kifalme ni ya Yi wa Jeonju, mji wa kusini-magharibi ambako mpaka sasa lipo hekalu lenye picha ya Yi Seong-gye. Yi wa Jeonju ni zaidi ya milioni 2. Wengi wao huweza kuonyesha katika vitabu vya nasaba kwamba wametoka kwa mfalme fulani, lakini jambo hilo haliwapi chochote ila fahari. Tutaona hapa chini kwamba mmoja wao alikuwa rais wa kwanza wa jamhuri, na ndiye aliyewafungia mlango ndugu zake wa kifalme.

Kanuni ya urithi ilikuwa ya Kikonfyushasi: mwana wa kwanza wa mke mkuu atangulie, na wana wa masuria wafuate. Ndivyo ilivyoandikwa. Ilivyotendeka ni jambo jingine, kwani Sejong mwenyewe alikuwa mwana wa tatu. Kaka yake Yangnyeong aliondolewa katika nafasi ya mrithi mwaka 1418 kwa sababu ya mwenendo wake. Basi tangu mwanzo kanuni ilikuwapo, na pamoja nayo ulikuwapo uamuzi wa wakubwa juu ya nani anafaa. Mambo hayo mawili hayakuachana kamwe.

Mwana wa kupangwa

Katika karne ya 19 nyumba hii ilipungukiwa wana, na hapo ndipo ilipojitokeza desturi ambayo bila kuielewa hatuwezi kuelewa yaliyotokea mwaka 2005. Mfalme Heonjong alifariki mwaka 1849 bila mtoto. Mama mkuu wa nyumba, mjane wa mfalme Sunjo, akaagiza aletwe kijana mmoja kutoka kisiwa cha Ganghwa, ambako jamaa yake walikuwa wamepelekwa uhamishoni. Kijana huyo ndiye mfalme Cheoljong. Naye alipofariki bila mwana wa kumfuata, mjane mwingine, Sinjeong, alimchagua mtoto wa miaka 11 ambaye baba yake mzazi alikuwa hai bado. Mtoto huyo akawa mfalme Gojong, na babaye, Heungseon, akashika hatamu za serikali kwa niaba yake miaka kumi hivi.

Hapa lazima tuangalie kwa makini. Gojong hakuitwa mwana wa Cheoljong aliyemtangulia kitini. Alipangwa kuwa mwana wa Hyomyeong, mume wa Sinjeong, aliyefariki zamani kabla ya kutawala. Kwa nini? Sababu moja ni ya siasa: kwa njia hiyo Sinjeong alipata kuwa mama wa mfalme. Lakini ya pili ni ya daraja la kizazi. Katika safu ya ukoo, Gojong alikuwa sawa na Heonjong, yaani wa kizazi cha watoto wa Hyomyeong. Desturi haikumruhusu mtu kupangwa kuwa mwana wa mtu wa kizazi kisicho cha baba zake. Aliyepangwa lazima awe wa ukoo uleule kwa upande wa kiume, na lazima asimame ngazi moja tu chini ya yule anayemrithi.

Tena kuna ajabu nyingine. Babu yake Gojong, aitwaye Namyeon, naye alikuwa mwana wa kupangwa. Kwa damu alitoka kwa Inpyeong, mwana wa mfalme Injo wa karne ya 17. Kwa kupangwa akaingia katika tawi la Sado, mwana wa mfalme Yeongjo. Kwa hiyo wazao wote wa Gojong tutakaowataja hapa ni wa tawi moja kwa damu na wa tawi jingine kwa sheria. Wanaodai leo kwamba kupanga mwana ni hila ya kisasa wasahau kwamba nyumba yote imesimama juu ya nguzo hiyo.

Kiswahili chetu chatusaidia kidogo na chatupinga kidogo katika jambo hili. Tukisema mtoto wa kulea, twafikiri juu ya chakula, malezi na huruma. Mtoto wa kupanga yu karibu zaidi na maana, kwa kuwa amepangwa mahali, lakini bado wazo letu ni la mtoto anayehitaji wazazi. Kwa Wakorea wa Joseon ilikuwa kinyume chake: si mtoto aliyehitaji wazazi, bali ni wafu waliohitaji mwana. Pasipo mwana hapakuwa na wa kuwatambikia. Ndiyo maana mtu mzima mwenye mke na watoto aliweza kupangwa, na ndiyo maana mtu aliweza kupewa mwana hata baada ya kufa kwake.

Nyumba chini ya Wajapani

Gojong alitawala katika miaka mibaya. Mkewe, malkia wa ukoo wa Min, aliuawa na Wajapani ndani ya jumba lake tarehe 8 Oktoba 1895. Mwaka 1897 mfalme alijitangaza kuwa kaizari, ili Korea isionekane kuwa chini ya China wala Japani, lakini cheo hakikuzuia bunduki. Mwaka 1905 Japani ilichukua mambo ya nje. Mwaka 1907, baada ya Gojong kutuma wajumbe kwa siri kwenye mkutano wa The Hague, alilazimishwa kukiacha kiti, akafuatwa na mwanawe Sunjong. Tarehe 29 Agosti 1910 Korea ikamezwa kabisa.

Sunjong hakuwa na mtoto. Mwaka 1907, alipotawazwa, ilikuwa lazima atajwe wa kumfuata, na walikuwapo ndugu zake wawili wa baba mmoja. Wa kwanza ni Yi Kang, aliyezaliwa 1877, mtu mzima, mwenye misimamo na mwenye sifa ya kupenda anasa. Wa pili ni Yi Un, aliyezaliwa 1897, mtoto wa miaka tisa, ambaye mama yake, bibi Eom, alikuwa na nguvu kubwa nyumbani baada ya kifo cha malkia. Alichaguliwa mtoto. Akapewa hata cheo cha mwana mrithi, ingawa kwa damu alikuwa ndugu wa kaizari, wala si mwana. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Wajapani walimchukua kwenda Tokyo, kwa jina la masomo. Uamuzi huo wa 1907 ndio uliogawa nyumba kuwa matawi mawili, yaani tawi la Yi Un, lenye cheo na uchache wa watoto, na tawi la Yi Kang, lenye watoto zaidi ya ishirini na pasipo cheo cha urithi.

Baada ya 1910 Wajapani hawakuifuta nyumba ya Yi. Waliifanya kuwa kipande cha ukabaila wao. Sunjong akashushwa kutoka kaizari akawa mfalme Yi, pasipo nchi, na mambo ya nyumba yake yakawekwa chini ya ofisi iliyotegemea wizara ya nyumba ya kaizari wa Japani. Wakapewa posho, vyeo vya jeshi na wake wa Kijapani. Tarehe 28 Aprili 1920 Yi Un alimwoa Masako wa Nashimoto, binti wa jamaa ya kaizari, anayejulikana Korea kwa jina la Yi Bangja. Mwana wao wa kwanza alifariki mwaka 1922 wakiwa ziarani Seoul, hajatimiza hata mwaka mmoja. Wa pili ndiye Yi Ku, aliyezaliwa Tokyo tarehe 29 Desemba 1931.

Si wote waliokubali kufugwa. Mwezi wa Novemba 1919 Yi Kang alitoroka Seoul akitaka kufika Shanghai, ilikokuwa serikali ya muda ya wapigania uhuru. Wajapani walimkamata Manchuria, baada ya kuvuka mpaka, wakamrudisha. Tangu hapo hakuaminiwa tena, na mwaka 1930 alilazimishwa kumwachia cheo mwanawe Yi Geon. Mwana wa pili, Yi Wu, alitolewa kwa nyumba ya Unhyeon, ile ya Heungseon, ili awe mrithi wake kwa kupangwa. Tulishike neno hilo, litatufaa baadaye. Yi Wu alikuwa ofisa wa jeshi la Japani huko Hiroshima bomu la atomi lilipoangushwa, akafariki tarehe 7 Agosti 1945. Maziko yake yalifanyika Seoul siku ileile Japani ilipotangaza kushindwa.

Binti wa mwisho wa Gojong, Deokhye, aliyezaliwa 1912, naye alipelekwa Japani mwaka 1925, akaozwa mwaka 1931 kwa kabaila wa Tsushima, akaugua akili. Mtoto wake wa pekee alipotea mwaka 1956. Aliporudi Korea mwaka 1962 alikuwa hawezi tena kuishi bila mwangalizi. Habari zake zimeandikiwa vitabu na filamu, na kwa kweli zatia uchungu. Lakini kwa suala letu la urithi hakuhesabiwa, kwa sababu alikuwa mwanamke, na hilo nalo tutalirudia.

Jamhuri na wazao

Wengi hudhani kwamba ufalme wa Korea ulikomeshwa mwaka 1945 au 1948. Kwa mawazo ya wapigania uhuru, ulikwisha kukoma mwaka 1919. Gojong alifariki tarehe 21 Januari 1919, watu wakavumisha kwamba amelishwa sumu, na maombolezo yake yalichangia maandamano makubwa ya tarehe 1 Machi. Ajabu ni kwamba umma uliomlilia mfalme haukudai mfalme. Mwezi wa Aprili serikali ya muda iliundwa Shanghai, nayo ikatangaza jamhuri. Katika mkataba wake mfupi, kifungu cha nane kiliahidi kwamba jamhuri itawatendea kwa upendeleo jamaa wa kaizari wa zamani. Katiba ya 1948 ilirithi jina la jamhuri hiyo. Ahadi ya kifungu cha nane haikuirithi.

Rais wa kwanza, Syngman Rhee, alikuwa Yi wa Jeonju, mzao wa yuleyule Yangnyeong aliyenyimwa kiti mwaka 1418. Sitaki kusema kwamba alilipiza kisasi cha miaka mia tano, ijapokuwa wapo waliosema hivyo kwa mzaha. Sababu yake ni nyepesi zaidi: mtu anayetaka kuwa baba wa taifa hapendi kuwa na mfalme katika mji uleule. Mali ya nyumba ikawa ya serikali. Yi Un, aliyepoteza cheo chake Japani mwaka 1947 katiba mpya ya nchi hiyo ilipoanza kutumika, akabaki Tokyo kama mgeni asiye na nchi, akauza vitu vyake ili apate kuishi. Yi Kang alifariki Seoul mwaka 1955.

Mlango ulifunguliwa baada ya Rhee kuanguka mwaka 1960. Yi Un alirudishwa mwezi wa Novemba 1963 chini ya Park Chung-hee, lakini kiharusi kilikuwa kimekwisha kumwondolea fahamu. Alirudi amelala juu ya machela, hakuiona nchi aliyoiacha akiwa mtoto, akafariki tarehe 1 Mei 1970. Mkewe, Mjapani wa kuzaliwa, alibaki Seoul akafungua shule za watoto wenye ulemavu, na Wakorea wengi walimheshimu kwa kazi hiyo kuliko kwa cheo chake. Deokhye na yeye waliishi katika majengo ya Nakseonjae, ndani ya jumba la Changdeok, nao wakafariki mwaka 1989 wakipishana siku tisa tu.

Alibaki Yi Ku. Alikuwa amesomea usanifu majengo MIT, akafanya kazi katika ofisi ya I. M. Pei mjini New York, akamwoa Mmarekani, Julia Mullock. Walifika Korea pamoja mwaka 1963. Hawakuzaa. Wazee wa ukoo hawakumpenda mke wa kigeni asiye na mwana, na msukumo wao wasemekana kuwa mojawapo ya sababu za ndoa kuvunjika mwaka 1982. Biashara yake ilikuwa imeanguka mwaka 1979, naye akarudi Japani. Magazeti ya Seoul yaliandika kwamba siku ya maziko yake, tarehe 24 Julai 2005, Julia aliutazama msafara akiwa mbali, miongoni mwa watu wa kando ya barabara.

Watu watatu

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Chama cha ukoo wa Yi wa Jeonju kilimchagua Yi Won, aliyezaliwa 1962, mfanyakazi wa kampuni ya biashara ya televisheni, awe mwana wa Yi Ku kwa kupangwa. Baba yake mzazi, Yi Gap, alikuwa mwana wa tisa wa Yi Kang. Ndiye aliyesimama kama mfiwa mkuu katika maziko, na tangu hapo chama humwita kwa cheo chenye maana ya mzao anayeshika matambiko ya kaizari.

Yi Seok, aliyezaliwa 1941, ni mdogo wa Yi Gap. Alikuwa mwimbaji mashuhuri, na wimbo wake juu ya nyumba ya njiwa ulipendwa na Wakorea wengi kuliko habari zozote za ukoo wake. Kwa hoja yake, mwana wa Yi Kang aliye hai yu karibu zaidi na kiti kuliko mjukuu, tena maiti hawezi kupanga mwana. Mwaka 2004 alihamia Jeonju, ambako amekuwa akiwapokea watalii na kuwasimulia historia. Mwezi wa Oktoba 2018, mjini Los Angeles, alimtangaza mfanyabiashara wa intaneti aitwaye Andrew Lee, Mmarekani mwenye asili ya Korea, kuwa mrithi wake.

Wa tatu ni Yi Hae-won, binti wa pili wa Yi Kang, aliyezaliwa 1919. Tarehe 29 Septemba 2006 kikundi kidogo cha watu kilimtawaza katika hoteli ya Seoul kwa jina la kaizari wa kike. Yi Won na chama cha ukoo hawakuitambua sherehe hiyo. Yi Hae-won alifariki mwezi wa Februari 2020, karibu atimize miaka 101.

Mtu anayefikiri kwa Kifaransa, lugha ya shule zetu, huona kwamba hoja ya Yi Seok ina nguvu. Yeye ni mtoto wa ami yake Yi Ku, na Yi Won ni mtoto wa mtoto wa ami huyo, kwa hiyo yu mbali zaidi. Lakini anayefikiri kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingi za nyumbani kwetu, ataona upesi tatizo liko wapi. Kwetu sisi Yi Kang alikuwa baba mkubwa wa Yi Ku. Watoto wa baba mkubwa ni ndugu. Basi Yi Seok na Yi Ku ni ndugu, wa ngazi moja, na ndugu hawezi kuwa mwana wa ndugu yake. Yi Won ni mtoto wa ndugu, na mtoto wa ndugu ni mwana. Chama cha ukoo kilihesabu hivyohivyo. Hakikutafuta aliye karibu kwa damu, kilitafuta aliye ngazi moja chini. Ni hesabu ileile iliyomfanya Gojong awe mwana wa Hyomyeong.

Wakorea wana hata alama ya kuonyesha ngazi hizo katika majina. Jina la Gojong liliandikwa kwa herufi ya Kichina yenye sehemu ya moto. Majina ya wanawe Sunjong, Yi Kang na Yi Un yote yana sehemu ya udongo. Ya Yi Geon na Yi Wu yana sehemu ya madini, kwa kuwa moto huzaa udongo na udongo huzaa madini. Anayejua kusoma hutambua kizazi cha mtu kwa kulitazama jina lake tu. Yi Ku mwenyewe, na hili ni jambo dogo ila lanichekesha, hakufuata kanuni: jina lake lina sehemu ya jiwe la thamani.

Atauliza mtu: kama twatafuta mtoto wa ndugu, kwa nini asichukuliwe Yi Cheong, mwana wa Yi Wu aliyefariki Hiroshima? Yeye ni mkubwa kuliko Yi Won kwa zaidi ya miaka ishirini, na baba yake alikuwa mwana wa pili. Jibu ni lile neno tuliloliweka akiba. Yi Wu alipopangwa katika nyumba ya Unhyeon alitoka katika safu ya baba yake mzazi, na wanawe ni wa nyumba ile. Na mwana wa kwanza, Yi Geon, alichukua uraia wa Japani na jina la Kijapani. Hivyo mlango mmoja umefungwa na desturi, mwingine umefungwa na uamuzi wa mtu mwenyewe. Lakini chama hakikuwapima wazao wote waliobaki kwa mizani ya desturi peke yake. Kama ilivyokuwa siku za Sejong, kilitazama pia nani anafaa na nani yu tayari.

Kwa sheria ya nchi, hoja ya Yi Seok juu ya maiti ni sahihi. Sheria ya kiraia ya Korea iliruhusu zamani kupanga mwana kwa ajili ya marehemu, lakini marekebisho ya mwaka 1990, yaliyoanza kutumika mwaka 1991, yalifuta njia hiyo. Kwa hiyo tendo la chama mwaka 2005 ni tendo la ukoo, wala si tendo la serikali. Halihamishi mali, kwa kuwa mali haipo, wala halitoi cheo ambacho afisi yoyote ya umma ingekitambua.

Tena mwaka ule wenyewe ulikuwa mwaka wa mabadiliko. Mwezi wa Februari 2005 mahakama ya katiba iliamua kwamba utaratibu wa kumwandikisha mwanamume kuwa kichwa cha jamaa, ambao ulipita kutoka baba hadi mwana, unapingana na katiba. Utaratibu huo ulifutwa kabisa tangu Januari 2008. Na tarehe 21 Julai 2005, siku tano baada ya kifo cha Yi Ku na siku tatu kabla ya maziko yake, mahakama kuu iliamua katika kesi ya mabinti wa Yi wa Yongin kwamba wanawake watu wazima nao ni washiriki kamili wa ukoo wao. Hivyo, wakati wazee wa Jeonju wanamtafuta mwana wa kiume wa ngazi inayofaa, majaji wa mji uleule walikuwa wanabomoa ukuta uliomtenga binti. Sijui kama waliomtawaza Yi Hae-won mwaka uliofuata walikuwa na hukumu hiyo mawazoni. Hata hivyo, katika hoja zote tatu, ya bibi yule mzee ndiyo iliyopokelewa kwa kicheko zaidi, nayo ndiyo pekee isiyopingana na mwelekeo wa sheria mpya.

Kinachorithiwa

Tumesema kwamba hakuna mali wala cheo. Kilichopo ni tambiko. Jongmyo ni hekalu la mizimu ya wafalme wa Joseon mjini Seoul, lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1995. Ibada yake na muziki wake vilitambuliwa mwaka 2001. Jumapili ya kwanza ya Mei kila mwaka chama cha ukoo hufanya ibada kubwa mbele ya maelfu ya watazamaji: vyakula vibichi, pombe ya mchele, ngoma na zumari zilizopangwa tangu karne ya 15. Vikombe vitatu humiminwa kwa kila mzimu. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha mfalme mwenyewe. Tangu 2005 Yi Won ndiye aliyeshika nafasi hiyo, akiwa amevaa joho na taji la shanga.

Ukumbi mkuu una vyumba 19, kila kimoja cha mfalme mmoja pamoja na wake zake. Ukumbi wa pili una vyumba 16. Wafalme wawili walioondolewa, Yeonsan na Gwanghae, hawamo. Katika chumba cha mwisho cha ukumbi wa pili kimewekwa kibao cha Yi Un, ambaye hakutawala hata siku moja, pamoja na cha mkewe aliyezaliwa Tokyo. Baada yao hakuna chumba kilichobaki.